Majembe ya Watani

Walisema sitafika shule ya Chidya. Mtoto wa mjane wa Lupaso, asiye na baba wala shati la pili, atafikaje Chidya? Nilifika kwa miguu, na shati nilikuwa nalo lilelile moja. Walisema nikifika sitamaliza. Nikamaliza nikiwa wa pili darasani, na yule aliyekuwa wa kwanza mpaka leo sijasikia amefanya nini. Walisema nitaishia kuwa karani wa kupima korosho. Nikaenda Uganda, nikakaa miaka mitatu, wakati wa likizo nikiosha sufuria za chuo huku wenzangu wamekwenda kwao, na nikarudi na diploma ya kilimo. Katika vijiji vyote vya upande wetu nilikuwa wa kwanza. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na wengine waliokuwa wakijua hilo wamekwisha kufa.

Siku niliporudi, mama aliitandika ile diploma juu ya kitanda cha kamba ili watu waje waione. Mhunzi naye akaja. Huyu mzee alikuwa na kiwanda chake nyuma ya nyumba, kando ya njia ya kupandia Newala, na alikuwa akifua majembe kutokana na chuma cha malori mabovu. Tangu nikiwa mdogo alikuwa akitangaza kila jambo nitakaloshindwa. Aliinama, akaipapasa diploma kwa kidole kimoja cheusi.

"Karatasi nzuri," alisema. "Laini. Ingefaa kusokotea tumbaku."

"Mzee, hiyo ni elimu ya miaka mitatu."

"Nimesikia. Nami nakuambia, katika watu wa huku, hutapata hata mmoja wa kukuazima jembe."

Nilidhani ni maneno tu ya mzee. Mwaka huo haukuisha kabla sijayakumbuka.

Serikali ilinipeleka Newala kuwa bwana shamba. Nilipewa baiskeli na chumba chenye sakafu ya saruji karibu na boma, na jioni nilikuwa nikitembea hadi ukingo wa uwanda, pale ambapo nchi inakatika ghafla na unaliona bonde la Ruvuma lote chini. Ng'ambo ya mto ilikuwa nchi ya Mreno. Kiangazi kile watu wa ng'ambo walikuwa wamekusanyika kudai haki yao, wakapigwa risasi. Baada ya hapo wakaanza kuvuka, wengi wao wanawake na watoto. Wanaume wao walikuwa wamefungwa, au wamekufa, au hawajulikani walipo.

Waliobaki Newala walikuwa wanawake thelathini na mmoja, na watoto wengi kuliko hao. Boma liliwapa mahema, misheni ikawapa mahindi na mablanketi. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwaangalia. Kiongozi wao alikuwa bibi mmoja mfupi, mwenye ndonya ya mti katika mdomo wa juu na chale usoni za namna ambayo siku hizi huzioni tena. Wote walimwita Bibi, nami nikamwita hivyo.

Bibi alikuwa na jambo moja tu moyoni. Alikuwa amemwacha binti yake ng'ambo. Binti alikuwa mjamzito, miezi yake imekaribia, hakuweza kutembea usiku na mchana kama wengine. Walipoagana, Bibi alimwambia, "Ukishajifungua, vuka unifuate. Nitakuwa kule juu ukingoni, sitaondoka." Kila asubuhi alikuwa akija kuniuliza kama wamevuka wengine. Nikisema hawajavuka, anarudi kwenye kazi yake bila neno.

Basi siku moja Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, Mwingereza mrefu mwenye haraka, alituita bomani. Alisema chakula kitatolewa hadi mvua za kwanza. Jumbe amekubali kutoa pori kando ya mahema. Mwanamke atakayekuwa ametifua na kupanda shamba lake mvua zitakaposhika atabaki Newala. Asiyekuwa na shamba atapandishwa lori apelekwe kambi ya Nachingwea, kule kwenye mashamba ya karanga yaliyoachwa.

Bibi aliuliza Nachingwea ni umbali gani. Nikamwambia. Akasema, "Huko hatanipata."

Hapo ndipo niliposema lile neno. Nilisimama mbele ya Bwana Shauri, na makarani wote wanasikia, nikasema, "Watalima wote, Bwana. Wala sihitaji senti ya serikali."

"Kwa majembe gani?"

"Nitaazima."

Karani mmoja alikohoa kicheko. Wanawake thelathini na mmoja walikuwa na majembe manne.

Nilijiandaa kama mtu aliyesoma. Niliandika fomu, nikapiga mstari kwa rula, nafasi kumi na moja kwa kila mwanamke: jina, umri, idadi ya watoto, magonjwa, nguo alizo nazo, kijiji alikotoka, na kuendelea. Niliwaambia wanawake wasitoke mahemani kwenda kuombaomba milangoni mwa watu, kwani nilitaka kuwaondolea aibu hiyo. Kuomba nitaomba mimi. Nikavaa soksi ndefu, nikafunga fomu zangu kwenye mkoba, nikapanda baiskeli.

Siku kumi na mbili nilizunguka, kuanzia vijiji vya Newala nikateremka Masasi, hadi Lukuledi. Kila nilikofika nilikaribishwa vizuri. Nilipewa kiti na maji ya kunawa. Nilikula ugali wa muhogo na kisamvu mpaka mkanda ukanibana. Kisha nilitoa hotuba yangu, nzuri kwa kweli, nikieleza shida ya wale wanawake, na mwisho wa hotuba mwenye nyumba alikuwa akiniuliza neno lilelile.

"Ni wa ukoo gani hao?"

Nilikuwa nafungua fomu. "Wa kwanza hapa ana miaka kama thelathini. Watoto wanne. Anasumbuliwa na kikohozi."

"Sikukuuliza kikohozi, bwana."

Basi tena. Walisema majembe yamekwenda shambani, yakirudi watafikiri. Kwa mhunzi nilikuta majembe kumi na mawili yamening'inia ukutani, yanang'aa.

"Unawaazimia watu usiowajua," alisema, akivuta mvukuto. "Jembe langu likipotea nitamdai nani? Nimdai kikohozi?" Habari za kikohozi zilikuwa zimenitangulia.

Nilirudi Newala na jembe moja lisilo na mpini, na hilo alinipa mama yangu. Mama hahesabiki.

Bibi alikuwa anapepeta mahindi ya misheni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja na nini?"

Nikamwonyesha. Alilipokea lile jembe, akaligeuza upande huu na huu, akaliweka chini taratibu kana kwamba ni kitoto kigonjwa.

"Huko ulikokwenda, uliwaambia sisi ni nani?"

"Niliwaambia ninyi ni watu wenye shida."

"Shida wanaiona hata bila wewe. Nimekuuliza, uliwaambia sisi ni nani?"

Nikaufungua mkoba. Akaniomba fomu, nikampa, naye hakujua kusoma. Akanitaka nimsomee nafasi zote kumi na moja. Nikasoma. Akasubiri. Nikasema zimekwisha.

"Na ukoo?"

Sasa, mimi nimezaliwa ndani ya desturi hii, nimeijua kabla sijajua a e i o u. Kwetu mtu ni wa ukoo wa mama yake, na Ruvuma haijawahi kuukata ukoo wa mtu. Koo zilezile ziko huku na ziko kule. Ukimkuta wa ukoo wako, hata hamjaonana tangu dunia ianze, huyo ni ndugu yako na ana haki juu ya jembe lako. Ukimkuta wa ukoo wa watani wako, haombi hata. Ananyakua, nawe huruhusiwi kununa, maana ndiye atakayekuja kukuzika na kukutukana kaburini. Yote haya niliyajua. Na fomu niliiandika mimi mwenyewe, nikauliza mpaka nguo, nikasahau ukoo. Katika kazi ile yote hilo ndilo kosa langu pekee, lakini lilikuwa la ukubwa wa nyumba.

"Uliyafungia mahemani majembe yetu," Bibi alisema.

"Sikutaka mwende kuomba."

"Nani anakwenda kuomba? Tunakwenda kwetu."

Alfajiri ya pili yake tulitoka, wanawake tisa, Bibi mbele, mimi nyuma nikisukuma baiskeli. Katika kijiji cha kwanza alisimama mwanzoni mwa uwanja wa nyumba, hakubisha hodi. Alitaja ukoo wake kwa sauti. Akamtaja mama yake, na mama wa mama yake, na kilima walikotoka kabla hawajahamia kilima kingine. Mama mwenye nyumba alikuwa anachekecha unga. Chekecheke likamponyoka.

"Hebu rudia."

Bibi akarudia.

Yule mama alikuja mbio, akampokea kwa mikono miwili, kisha akaanza kugomba. "Miezi miwili mko hapo ukingoni, mnalala mahemani kama askari, nami nipo hapa? Ningekufa mngesikia kwa nani?" Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe si ulikula ugali wangu juzi? Ulikula ukasema kuna wageni. Wageni gani hawa?"

Nikasema samahani, mama. Tuliondoka pale na majembe mawili, mtungi, na kikapu cha kunde za mbegu. Wale wanawake wengine nao kila mmoja alitaja ukoo wake, na nyumba zilizokuwa zimenipa viti sasa zilitoa majembe. Nilikuwa nafunga mizigo kwenye baiskeli mpaka haikusukumika.

Tulipokaribia kwa mhunzi Bibi aliniuliza, "Huyu naye ni wa ukoo gani?" Nilimtajia. Alisimama katikati ya njia, akaufunika mdomo na ndonya yake kwa kiganja, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Hakuniambia kwa nini. Aliingia kiwandani bila salamu, akaangua majembe matatu ukutani, akayabwaga begani.

Mhunzi alisimama na nyundo yake mkononi. "Wewe mama, weka chini. Unaiba mchana?"

Bibi alitaja ukoo wake, hakugeuza hata shingo.

Uso wa yule mzee ulibadilika. Sijawahi kumwona amefurahi vile. "Loo. Ukoo wa walapanya. Mmemaliza panya wa ng'ambo, mmevuka kuja kumaliza wa kwetu?"

"Wa kwenu tumewaona njiani. Wamekonda kama wewe."

"Afadhali mimi niliyekonda kwa kazi. Ninyi babu zenu walikufa wamekaa, wanasubiri kupikiwa."

"Na walizikwa na babu zenu, wakala mbuzi wa msiba peke yao mpaka kwato. Hizi ndizo kwato, nimekuja kuzidai." Akayagonga yale majembe.

Watu walikuwa wamejaa mlangoni, wanashika mbavu. Mhunzi aliweka nyundo chini, akasogea, akalitazama jembe moja begani kwa Bibi. "Hilo la kati lirudishe. Lina ufa. Chukua lile la pembeni, wasije wakasema nimewatapeli watani." Kisha akaniona mimi. "Hawa umewapata wewe?"

"Mimi," nilisema.

"Mwongo. Wamekupata wao."

"Mwache," Bibi alisema. "Huyu ni mjukuu wangu."

Mhunzi alinitazama juu mpaka chini, soksi, mkoba, vyote. "Mjukuu wako? Basi naye ni wa kwenu. Nimesikia, na hawa wote wamesikia."

Sikuyapa maneno hayo uzito wowote.

Kwa siku kumi na nne tulizunguka hivyo, na mahema yakageuka ghala. Majembe yalifika ishirini na nane. Vipando vya muhogo vilikuja vichwani mwa watu, vingine juu ya lori la korosho, na hapo sasa diploma yangu ikafanya kazi yake. Nilichagua vipando, nikatupa vyenye ugonjwa wa batobato, nikaonyesha namna ya kupanga mistari. Mpaka leo hakuna shamba Newala lililonyooka kama yale, na aliyeyaona atakubali. Mchana kutwa ulikuwa unasikia majembe na nyimbo, na mtu anamtania mwenziwe kwamba analima kama anachokoa sikio.

Wingu likaja mapema kuliko nilivyopiga hesabu. Bwana Shauri akatuma habari kwamba atakuja kukagua kesho kutwa, pamoja na lori. Nilipita shamba kwa shamba, nikahesabu mashamba thelathini yaliyopandwa. La thelathini na moja lilikuwa bado pori, halikuguswa hata jani. Lilikuwa la Bibi. Siku zote hizo alikuwa njiani, akitaja ukoo kwenye milango ya watu ili wengine wapate majembe, na mimi, mwenye fomu na rula, sikugundua.

"Nitalima mimi," nilimwambia.

"Wewe unalima kwa kalamu," alisema, lakini alikuwa anatazama chini bondeni, na sauti yake haikuwa ya utani.

Mama yule wa chekecheke alikuwepo, ameleta mbegu. Alitusikia, akaondoka haraka bila kuaga. Kesho yake kabla jua halijachomoza nilisikia matusi yanakuja barabarani. Mbele alikuwa mhunzi na watu wa ukoo wake, kama ishirini, majembe begani, nyuma yao mama wa chekecheke na ndugu zake. Watani walikuwa wanapiga kelele kwamba wamekuja kumwona mwanamke mvivu kuliko wote tangu nchi iumbwe, aliyewaibia majembe akashindwa kuyanyanyua.

"Kaa chini, malkia wa panya," mhunzi alimwambia Bibi. "Usitushikie kitu. Utatuharibia mistari."

Bibi alikaa juu ya kisiki, akawatukana kutwa nzima, kila mtu kwa zamu yake. Nililima katikati yao, soksi nimevua, na nasema wazi kwamba walioanza nami mstari mmoja niliwaacha. Pori lilianguka, likachomwa, likatifuliwa, likapandwa. Tone la kwanza lilinidondokea shingoni nikiwa nakandamiza kipando cha mwisho.

Bwana Shauri alikuja, akatembea kwenye tope na viatu vyake virefu, akahesabu yote thelathini na moja, akanipa mkono mbele ya yule karani. Lori lilirudi tupu.

Muhogo ulikuwa umefika magotini binti alipotokea. Alikuja na njia ya shambani, mtoto mgongoni, miguu imepasuka. Alikuwa amevukia mbali na pale walipovuka wengine, wala hakujua mahema yako wapi. Lakini katika nyumba ya kwanza upande huu alitaja ukoo wake ili apate maji ya kunywa, nao wakamwambia, "Kuna bibi mwenye ndonya aliyeutaja ukoo huo kila mlango, kuanzia hapa hadi Masasi. Panda juu." Kila nyumba ikamsukuma kwa nyumba nyingine.

Bibi alikuwa anapalilia. Alinyooka, akamtazama, akamfungua mtoto mgongoni kabla hajamgusa mama yake. Alikuwa wa kike. "Ukoo umeongezeka," alisema. Kisha akampa binti lile jembe. "Kupanda umechelewa. Utapalilia." Alisema hivyo akageuka upande mwingine na mtoto kifuani, akakaa hivyo muda mrefu, mabega yakimtikisika, nasi tukaendelea kupalilia bila kumtazama.

Kiangazi kilichofuata wanawake wale walikuwa na nyumba za udongo, makopa ya muhogo yamejaa vichanja, kunde na mbaazi kwenye mitungi. Niliona wakati umefika wa kurudisha. Nilikuwa nimesema nitaazima, na mtu aliyeazima hurudisha. Nilitaka kupakia kila kitu kwenye lori nizunguke nyumba kwa nyumba. Bibi alinizuia.

"Ndugu mrudishie mkononi. Mtani ukimrudishia mkononi umemtukana. Mwite aje anyakue."

Tukawaita wote siku moja. Waliotuazima kwa undugu walikuja kwanza, wakakaa mikekani, wakapokea majembe yao na mitungi yao, kila mmoja na mzigo wa vipando maradufu ya alivyotoa. Mama wa chekecheke alilia kidogo, akagomba kidogo, akaondoka na yule mjukuu mchanga wa Bibi mgongoni hadi alipokimbiliwa njiani akamrudisha. Kisha wakaja watani. Hao hawakukaa. Waliingia jikoni, wakabeba sufuria zikiwa motoni, wakang'oa muhogo ambao haujaombwa, mmoja akaondoka na mlango. Wanawake wa ng'ambo, waliokuwa wamekuja Newala na blanketi moja moja, walisimama nje ya nyumba zao wakitukana kwa raha, kwa kuwa sasa walikuwa na kitu cha kuibiwa.

Mhunzi alikuwa wa mwisho. Alichukua majembe yake matatu, akayapima kwa shubiri. Yalikuwa yamelika hadi nusu.

"Mmeyala," alisema. "Hata chuma mnakula."

"Chukua utakacho," Bibi alimwambia.

Akanijia mimi. Nilikuwa nimesahau kwamba nilitajwa kuwa mjukuu wa Bibi, basi mtani wake, na watu wamesikia. Aliunyakua mkoba wangu begani, akaupekua, akatoa zile fomu za nafasi kumi na moja, thelathini na moja kwa idadi, zote. Nilinyoosha mkono, kisha nikaurudisha. Hairuhusiwi kununa.

Alikaa juu ya kisiki kilekile cha Bibi, akachana karatasi ya juu kwa uangalifu, akaimiminia tumbaku, akaisokota, akaiwasha kwa kijinga cha moto alichokiiba jikoni. Alivuta mara mbili, akafikiri.

"Laini," alisema. "Si nilikuambia?"

Nikajibu kwamba majembe niliyapata. Alitikisa kichwa kukubali, moshi ukimtoka puani, akanipa na mimi nivute. Jioni ile nilirudi bomani na mkoba mtupu, na katika nchi nzima hakuna mtu aliyenidai kitu.